Kumweleza Anayeanza Umeme kwa Mfano wa Maji: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Umeme hauonekani, na ugumu wa kuufundisha unaanzia hapo. Fundi anaweza kumwonyesha mwanagenzi waya, balbu na betri, lakini hawezi kumwonyesha kinachopita ndani ya waya wala kinachokisukuma. Kwa hiyo kila anayefundisha somo hili hulazimika kuazima kitu kinachoonekana ili kieleze kisichoonekana, na kinachoazimwa mara nyingi zaidi ni maji. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu, fundi au mzazi anayetaka kumfikisha mtu asiyejua lolote kwenye uelewa wa mkondo, volteji, ukinzani na nguvu, bila kumfundisha jambo ambalo baadaye atalazimika kulisahau. Msimamo wangu ni kwamba mfano mmoja uliochaguliwa kwa uangalifu na kubebwa tangu mwanzo unafaa kuliko mifano mitano inayobadilishwa kila dhana mpya inapojitokeza, na kwamba mfano huo sharti uelezwe pamoja na mipaka yake, kwa kuwa mwanafunzi asiyejua mfano unaishia wapi ataendelea kuutumia hata pale unapompotosha.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: betri mbili za volti 1.5, balbu ndogo za tochi zinazofanana (ziwe za nyuzi, si za LED), vipande vya waya, swichi, rezista moja au mbili (vipande vidogo vinavyoupa mkondo kikwazo cha kiasi kinachojulikana), dira ndogo na multimita ya kawaida, yaani kifaa cha kupimia mkondo, volteji na ukinzani. Majaribio yote yafanyike kwa betri hizo. Umeme wa ukutani usitumiwe katika jaribio lolote la mwanzo, hata kama anayefundisha ni fundi mzoefu, kwa sababu mwanafunzi huiga mkono wa mwalimu kabla hajaelewa maneno yake.

Hatua ya 1: Chora mzunguko, usichore tangi

Wengi huanza na tangi lililoinuliwa juu, bomba linaloshuka na koki inayomwaga maji ndoo­ni. Picha hiyo ni rahisi, lakini ina kasoro kubwa, nayo ni kwamba maji yanatoka kwenye tangi na hayarudi. Mwanafunzi aliyeanza nayo huondoka akiamini kwamba umeme husafiri kutoka kwenye chanzo hadi kwenye kifaa na kuishia humo, na hana sababu yoyote ya kuelewa kwa nini kila kifaa kinahitaji njia mbili. Zaidi ya hayo, bomba likikatwa maji humwagika, ilhali waya ukikatwa hakuna kinachomwagika, bali mkondo husimama kabisa.

Badala yake, chora mzunguko uliofungwa: pampu, bomba linalotoka kwenye pampu, gurudumu la maji linalozungushwa na maji yanayopita, na bomba jingine linaloyarudisha maji yaleyale kwenye pampu. Mabomba yote yamejaa maji tangu mwanzo, hakuna tone linaloongezwa na hakuna linalopotea. Kisha taja kila sehemu inasimamia nini. Pampu ni betri, mabomba ni nyaya, gurudumu ni balbu, na maji yenyewe ni chaji za umeme, ambazo ndani ya waya wa shaba ni chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Mzunguko wote ndio unaoitwa saketi.

Mara tu baada ya mchoro, mpe mwanafunzi betri moja, balbu moja na kipande kimoja cha waya, umwambie aiwashe balbu bila msaada. Watu wengi kwanza huigusisha ncha ya chini ya balbu na betri kisha hushangaa kuona giza. Usiwakatize. Muda wanaoutumia kugundua kwamba balbu ina sehemu mbili za kugusia, yaani ncha ya chini na ganda la ubavuni, na kwamba zote mbili lazima ziwe njiani, unawafundisha maana ya saketi kuliko maelezo yoyote unayoweza kuyatoa.

Hatua ya 2: Mkondo ni wingi unaopita, na hautumiki ukaisha

Mkondo wa umeme ni kiasi cha chaji kinachopita mahali fulani kwa sekunde moja, kama vile mtiririko wa maji unavyoweza kupimwa kwa lita kwa sekunde. Kizio chake ni ampea, kilichopewa jina la mwanasayansi Mfaransa André-Marie Ampère. Ampea moja ni sawa na elektroni zipatazo 6,240,000,000,000,000,000 zinazopita mahali hapo kila sekunde. Tarakimu hiyo haina haja ya kukaririwa, lakini inafaa kuonyeshwa mara moja, ili mwanafunzi aone ni kwa nini tunahesabu kwa ampea na si kwa elektroni mojamoja.

Hapa huzuka swali ambalo mwalimu anapaswa kulikaribisha: elektroni zinakwenda kwa kasi gani? Jibu huwashangaza hata watu waliosoma. Katika waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 1 unaopitisha ampea 1, elektroni husogea kwa wastani wa takribani milimita 0.07 kwa sekunde, kiasi kwamba kuvuka mita moja ya waya kungezichukua zaidi ya saa tatu. Hata hivyo balbu huwaka papo hapo swichi inapowashwa. Mfano wetu unalieleza jambo hili vizuri sana, kwa sababu mabomba yalikuwa yamejaa tangu awali: pampu inapoanza kusukuma, maji yaliyo kwenye gurudumu husogea karibu wakati uleule, ingawa tone lililoko mlangoni mwa pampu bado liko mbali.

Sasa fika kwenye kosa linalozuia watu wengi kuendelea mbele, nalo ni imani kwamba balbu “inakula” mkondo, hivyo mkondo unaotoka kwenye balbu ni mdogo kuliko ulioingia. Kulifichua kosa hilo, mwonyeshe mwanafunzi mchoro wa balbu mbili zinazofanana zilizounganishwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, na umuulize ipi itang’aa zaidi. Akijibu kwamba ni ile iliyo karibu na betri, bado anaamini kwamba umeme unapungua njiani. Usimsahihishe kwa maneno. Mwache aunganishe saketi aone balbu zote mbili ziking’aa sawa, kisha apime mkondo kwa multimita mahali patatu: kabla ya balbu ya kwanza, katikati ya balbu mbili na baada ya balbu ya pili. Vipimo vyote vitatu vitalingana. Hapo ndipo mchoro wa maji unaporudishwa mezani na swali lake kuulizwa: je, gurudumu linapozungushwa, maji hupungua? Maji yanayotoka upande wa pili ni mengi sawasawa na yaliyoingia. Kilichopungua ni msukumo wao.

Kuhusu mwelekeo, inatosha kusema kwamba kwa desturi ya wanasayansi mkondo huchorwa ukitoka upande chanya wa betri kwenda upande hasi, ilhali elektroni zenyewe husogea kinyume chake. Desturi hiyo ilikwisha kuzoeleka kabla elektroni haijagunduliwa mwaka 1897, na hesabu zote hutoka sawa kwa kuifuata. Usilikuze jambo hili; ni mkanganyiko wa bure kwa anayeanza.

Hatua ya 3: Volteji ipo kati ya sehemu mbili

Dhana ya volteji ndiyo ngumu kuliko zote, na ugumu wake hutokana kwa sehemu kubwa na namna tunavyoitaja. Tunasikia watu wakisema kwamba volteji inapita kwenye waya. Mkondo ndio unaopita. Volteji haipiti popote, bali ipo kati ya sehemu moja na nyingine, kama tofauti ya msukumo wa maji iliyopo kati ya mlango wa kutokea na mlango wa kuingilia wa pampu. Tofauti hiyo huwepo hata kama koki imefungwa na hakuna tone linalosogea, na ndiyo maana betri iliyolala kabatini ina volti 1.5 wakati mkondo wake ni sifuri.

Mzoeze mwanafunzi kusema sentensi nzima kila mara: “volteji kati ya hapa na pale ni kiasi kadhaa.” Swali “volteji ya mahali hapa ni ngapi?” halina jibu mpaka itajwe sehemu ya pili ya kulinganishia. Ndege anayetua kwenye waya wa umeme mkubwa hadhuriki kwa sababu miguu yake yote miwili iko kwenye waya mmoja na tofauti kati yake ni ndogo mno. Angegusa kwa wakati mmoja waya huo na nguzo ya chuma iliyounganishwa na ardhi, habari ingekuwa nyingine.

Kwa vitendo, unganisha betri mbili kwa mfululizo, yaani pampu mbili zinazosaidiana, na balbu mbili. Mwanafunzi apime volteji kati ya ncha mbili za seti ya betri, kisha kati ya ncha za balbu ya kwanza, halafu ya pili. Atakuta kwamba jumla ya balbu mbili inakaribia kabisa ile ya betri. Akishangaa kuona betri mpya zikisoma zaidi kidogo ya volti 3, mweleze kwamba 1.5 ni thamani ya kawaida tu inayoandikwa kwenye betri. Mwonyeshe pia kwamba katika kupima volteji multimita huwekwa pembeni, ncha zake zikigusa pande mbili za kifaa, wakati katika kupima mkondo saketi hukatwa na multimita kuingizwa njiani. Anayeelewa tofauti ya mkondo na volteji hukumbuka mpangilio huo bila kukariri. Asiyeelewa huunguza fyuzi ya multimita.

Hatua ya 4: Ukinzani, na kanuni inayounganisha yote

Bomba jembamba au refu huyapa maji shida ya kupita, na waya mwembamba au mrefu huipa chaji shida vilevile. Shida hiyo huitwa ukinzani na hupimwa kwa omu. Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha mwaka 1827 uhusiano ambao leo unabeba jina lake: volteji ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Betri mbili zenye jumla ya volti 3 zikiunganishwa na rezista ya omu 100, mkondo utakuwa ampea 0.03, yaani miliampea 30. Weka rezista ya omu 50, mkondo unakuwa miliampea 60. Mwanafunzi akadirie kwanza, apime baadaye. Tofauti ndogo atakazoziona zinatokana kwa sehemu na rezista zenyewe, ambazo hutengenezwa kwa kuruhusu asilimia kadhaa ya kutolingana na thamani iliyoandikwa.

Sehemu inayowatatiza wengi ni muunganisho sambamba, kwa kuwa inaonekana ajabu kwamba kuongeza kikwazo cha pili kunapunguza ukinzani wa jumla. Kwenye mchoro wa maji ajabu hiyo huyeyuka: bomba la pili linalowekwa kando ya la kwanza ni njia ya ziada, na maji mengi zaidi hupita kwa msukumo uleule. Rezista mbili za omu 100 zikiwekwa sambamba hutoa omu 50, na zikiwekwa kwa mfululizo hutoa omu 200.

Mfano wetu una mpaka hapa. Waya ukiongezwa kipenyo mara mbili, ukinzani wake hupungua hadi robo. Bomba likiongezwa kipenyo mara mbili, maji yakiwa yanatiririka kwa utulivu, mtiririko huongezeka mara 16. Kwa hiyo mchoro wa mabomba utumike kujua kitu kinaongezeka au kinapungua, na kamwe usitumike kukokotoa. Tena, ukinzani wa kitu si lazima ubaki uleule. Uzi wa balbu ya zamani ya wati 60 inayotumia volti 230 una ukinzani wa takribani omu 880 ukiwa unawaka, lakini ukiwa wa baridi ukinzani huo ni sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na ndiyo sababu mwanafunzi anayepima balbu mezani kwa multimita hupata jibu lisilolingana na hesabu zake. Ni heri aambiwe mapema kuliko aanze kuitilia shaka kanuni.

Hatua ya 5: Nguvu na nishati

Gurudumu linaweza kuzungushwa kwa kasi ileile na maji mengi yenye msukumo mdogo au maji machache yenye msukumo mkubwa. Kwa umeme, kasi ya kufanya kazi huitwa nguvu, hupimwa kwa wati, na hupatikana kwa kuzidisha volteji kwa mkondo. Birika la umeme la wati 2000 kwenye volti 230 hutumia mkondo wa ampea 8.7, wakati balbu ya LED ya wati 10 huhitaji chini ya ampea 0.05. Kwa mlinganisho huo mwanafunzi huelewa kwa nini waya wa birika ni mnene.

Kanuni hiyohiyo hueleza kwa nini umeme husafirishwa mbali kwa volteji kubwa. Joto linalopotea kwenye waya hufuata mraba wa mkondo, hivyo volteji ikipandishwa mara 10 kwa nguvu ileile, mkondo hushuka hadi sehemu ya kumi na upotevu hadi sehemu ya mia.

Nishati ni nguvu ikizidishwa kwa muda. Balbu ya wati 10 ikiwaka kwa saa 100 hutumia kilowati-saa 1, na hicho ndicho kipimo kinachohesabiwa na mita ya umeme.

Hatua ya 6: Shoti, fyuzi na mwili wa binadamu

Chora bomba pana la mkato linalotoka kwenye pampu na kurudi moja kwa moja bila kupita kwenye gurudumu. Hiyo ndiyo shoti. Ukinzani umekaribia sifuri, mkondo unapanda mpaka pale chanzo chenyewe kinapoishiwa uwezo, na joto linalozalishwa linaweza kuyeyusha kihami cha waya na kuwasha moto. Betri ya gari ina volti 12 tu, lakini inaweza kutoa mamia ya ampea, kiasi cha kulifanya pete au spana iliyogusa ncha zake mbili kuwa moto wa kuunguza. Fyuzi ni kipande cha waya kilichokusudiwa kuyeyuka kabla ya nyaya nyingine kufikia hali hiyo.

Jambo linalofuata lisemwe polepole na lirudiwe: fyuzi hulinda waya, haimlindi mtu. Mkondo wa miliampea 30 tu ukipita kifuani kwa muda mfupi unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ilhali fyuzi ya kawaida huvumilia ampea kadhaa bila kukatika. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, lakini ikilowa, ukinzani wa mwili unaweza kushuka hadi karibu omu 1000, na kwa volti 230 kanuni ya Ohm inatoa ampea 0.23, ambayo ni zaidi ya mara saba ya kiwango hicho cha hatari. Mwache mwanafunzi aifanye hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Kinachomlinda mtu ni swichi maalumu inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi na kukata umeme tofauti inapofikia takribani miliampea 30. Hii ni faida ya kuwa tulisisitiza katika hatua ya pili kwamba unaoingia na unaotoka ni sawa: ukikosekana sehemu yake, ipo njia nyingine ambayo umepita, na njia hiyo huenda ni mtu.

Tahadhari moja kuhusu lugha: koki ikifunguliwa maji hupita, lakini saketi ikifunguliwa mkondo husimama. Ili kuepuka mkanganyiko, tumia “kuwasha” na “kuzima” kwa swichi mpaka mwanafunzi atakapokuwa tayari.

Hatua ya 7: Uweke mfano chini

Mkondo wa betri hutiririka upande mmoja. Umeme wa majumbani ni mkondo geu, ambao hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 au 60 kila sekunde, kutegemea nchi. Mchoro wa maji bado unaweza kuhimili jambo hili, ukiibadili pampu iwe pistoni inayosukuma na kuvuta: maji hutikisika mahali pamoja, hayafiki mbali, lakini msuguano wake bado huleta joto. Mwanafunzi akiuliza ni vipi elektroni zisizotoka pale zilipo zinaweza kuchemsha birika, hilo ndilo jibu.

Baada ya hapo maji hayafai tena. Hakuna kitu katika bomba kinachofanana na sumaku ambayo mkondo huijenga nje ya waya, na bila sumaku hiyo huwezi kueleza mota, jenereta wala transfoma. Mwalimu anayejaribu kueleza transfoma kwa mabomba huishia kubuni mabomba yasiyogusana ambayo eti hupashana maji. Ni afadhali kumwambia mwanafunzi wazi kwamba mfano umefika mwisho, na kumpa jaribio ambalo Hans Christian Ørsted alilitangaza mwaka 1820. Weka dira juu ya meza, tandaza waya juu yake ukiufuata mwelekeo wa sindano, kisha ugusishe ncha za waya na betri moja ya volti 1.5 kwa sekunde moja au mbili, si zaidi, kwa kuwa waya mtupu ni shoti na betri itapata joto. Sindano itaruka kando. Geuza betri, rudia, na mwanafunzi aandike sindano imekwenda upande gani. Kisha aupitishe waya chini ya dira badala ya juu, na kabla ya kugusisha betri aandike anatarajia nini.